Sahihi Peke Yake Haitoshi

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Masomo mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu la wafanyakazi wa reli. Tumeichapa yote kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.



Sisi tuliotumwa kusema mbele yenu si walimu wa chuo. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, kisha tukaingia kazini kama ninyi. Jambo tulilokuja kulisema ni la darasa la watu wazima, ambalo wengi mwaliita ngumbaru. Twataka mkutano huu uamue kama darasa hili litakuwa kazi ya chama au litaachwa life.

Yako maneno mawili tuliyoyasikia karakana na landhi. La kwanza ni hili: "Ada yetu ni ya kutafutia mishahara, si ya kununulia chaki." La pili: "Mtu mzima hafundishiki." Tutayajibu yote mawili, na tutaanza na lile la mishahara, kwa maana ndilo lenye uzito.

Tuchukue hesabu nyepesi. Mfanyakazi analipwa mshahara wa msingi shilingi 22,500 kwa mwezi. Amri ya Mishahara ya Jumla ya 1982 yasema kwamba anayelipwa kwa mwezi, malipo yake ya saa moja yasipungue mshahara huo ukigawanywa kwa 225. Basi 22,500 ukigawa kwa 225 wapata shilingi 100 kwa saa. Saa za ziada katika siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 150. Siku ya mapumziko au sikukuu ya taifa hulipwa mara mbili, yaani shilingi 200. Palipo na mapatano ya chama yaliyo bora kuliko hayo, mapatano ndiyo yafuatwayo.

Sasa mtu huyu amefanya saa 10 za ziada katika siku za kawaida. Haki yake ni shilingi 1,500. Karani akamwandikia shilingi 100 kwa kila saa, jumla 1,000. Mtu asiyejua hesabu ataona elfu moja imeongezeka juu ya mshahara wake, atashukuru na kwenda zake. Amepoteza shilingi 500. Mambo yakienda hivyo mwezi hata mwezi, kwa mwaka amepoteza 6,000. Je, chama kitamdaije tajiri fedha ambayo mwenyewe hajui kama anaidai? Katibu wetu hawezi kukaa nyuma ya kila mtu siku ya mshahara. Lakini mwenye kujua kugawa kwa 225 anaweza kujikagua mwenyewe, tena akamkagulia na jirani yake. Kwa sababu hiyo twasema kwamba chaki nayo ni fedha ya mishahara.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwajiri ana daftari lake. Mwenye duka ana lake. Mkopeshaji ana lake. Anayebaki bila daftari ni yule ambaye mali inatoka mikononi mwake.

Ndugu zetu, jambo hili si jipya. Kuanzia 1920 hivi, mkoloni alimtaka kila mwanamume Mwafrika katika Kenya awe na kipande. Kilitiwa katika kikebe cha chuma, kikavaliwa shingoni. Ndani yake ziliandikwa alama za vidole vyake, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi na mshahara wake. Mwenyewe alikibeba mchana na usiku, na wengi hawakuweza kusoma hata neno moja la habari zao wenyewe. Kipande kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini hali ya kubeba karatasi usiyoweza kuisoma haikuondoka pamoja nacho.

Tena kumbukeni mgomo wa Mombasa wa Januari 1947. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, wa bandarini na wa reli wakiwa miongoni mwao. Walikusanyika uwanjani wakasikilizana kwa sauti ya mdomo, na umoja wao uliwatikisa wakubwa. Lakini mgomo ulipokwisha, madai yao yalipelekwa mbele ya baraza lililoongozwa na Jaji Thacker, na huko mambo yalikwenda kwa karatasi. Ndivyo ilivyo hata leo. Sauti hukusanya watu, lakini mapatano hutiwa katika maandishi. Chama ambacho wanachama wake hawasomi mapatano yao ni lazima kiwaamini viongozi wachache kwa kila jambo. Sisi twawapenda viongozi wetu. Hata hivyo kiongozi mwema hufurahi akikaguliwa, na yule asiye mwema ndiye anayehitaji kukaguliwa zaidi.

Vile vile tunapochagua viongozi twapiga kura ya siri. Asiyejua kusoma humwomba mwingine amwonyeshe jina, na hapo siri yake imekuwa ya watu wawili.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yetu. Watu wengi wakija darasani husema, "Nifundisheni kuandika jina langu tu, niache kutia kidole." Twawaelewa. Kutiwa wino kidoleni mbele ya watu, na vijana wakitazama, ni jambo linaloumiza moyo. Kwa hiyo jina twalifundisha katika siku za kwanza. Lakini twawaambia wazi: ukiishia hapo, umejitia katika hatari kubwa kuliko ile ya kwanza.

Sababu ni hii. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, yasema kwamba mfanyakazi anaweza kukubali mkataba kwa sahihi au kwa alama ya kidole, mbele ya mtu mwingine asiye mwajiri. Yasema tena kwamba kama mfanyakazi hajui kusoma, au haielewi lugha ya mkataba, yampasa mwajiri amweleze kwa lugha anayoifahamu. Basi dole gumba lina ulinzi wake. Linamwambia kila mtu kwamba huyu aelezwe kwanza. Sahihi yasema kinyume chake: huyu amesoma, ameelewa, amekubali.

Yuko mwenzetu mmoja ambaye kabla ya kuja relini alifanya kazi kwa mwajiri mwingine, ambaye hatutamtaja. Alikuwa amejifunza kuandika jina lake vizuri sana, hata wenziwe walimsifu. Siku moja aliomba likizo, akawekewa karatasi mbili mezani. Akaambiwa, "Tia sahihi hapa na hapa." Moja ilikuwa ya likizo. Ya pili ilisema kwamba amepokea haki zake zote mpaka siku ile na hana dai lolote. Alipokwenda kudai saa zake za ziada za miezi iliyopita, alionyeshwa mwandiko wake mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna aliyemdanganya kwa neno. Jina lake lilikuwa zuri mno, likamshuhudia vibaya. Leo anasoma nasi, na yeye ndiye aliyetuomba tuseme habari hii bila kumtaja.

Basi madhumuni ya darasa letu si sahihi tu. Mtu atoke akiweza kusoma karatasi nzima kabla ya kuitia sahihi, na kuihesabu iwapo ina tarakimu.

Wengine wanauliza kama tatizo hili bado lipo, wakiona watoto wote wanakwenda shule. Lipo. Mwaka 1979 Serikali ilianzisha idara maalum ya elimu ya watu wazima, na kampeni kubwa ikapigwa nchini kuufuta ujinga wa kutojua kusoma. Watu wengi waliingia madarasani, kisha wengi wakatoka. Katika uchunguzi wa taifa uliofanywa 2006 ilionekana kwamba watu wazima 38 na nusu katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika, yaani kama milioni 7.8. Waliofikia ujuzi wa kutosha kwa matumizi walikuwa chini ya 30 katika kila 100. Kwa hiyo kati ya wale walioitwa wasomaji, wengi walikuwa wasomaji wa jina na anwani. Hao ndio wanaotia sahihi bila kusoma.

Sasa neno la pili, kwamba mtu mzima hafundishiki. Mwaka 2004, baada ya Serikali kuondoa karo ya shule za msingi, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84. Alikaa dawati moja na watoto mpaka akajua kusoma. Alifariki 2009. Kama mzee wa miaka 84 alifundishika, fundi wa miaka 45 hana udhuru.

Mtu mzima hafundishiki pale anapofundishwa kama mtoto. Haya ndiyo tuliyoyaona katika kufundisha kwetu.

Kwanza, neno la kuanzia liwe la maisha yake. Huko Brazil, mwaka 1963, mwalimu Paulo Freire alifundisha wafanyakazi wapatao 300 katika mji wa Angicos kwa muda wa saa 40 hivi. Alianza na maneno ya kazi zao, kama vile tofali. Wakati ule sheria ya Brazil haikumruhusu asiyejua kusoma kupiga kura. Mwaka uliofuata jeshi likatwaa serikali, na mwalimu huyo akatiwa kifungoni. Wakubwa walielewa vizuri nguvu ya somo lile.

Kiswahili chetu ni chepesi zaidi kwa njia hii, kwa kuwa maneno yetu hukatika vipande vipande vilivyo wazi. Twachukua neno kazi. Twalikata: ka na zi. Kutoka ka twapata ka, ke, ki, ko, ku. Kutoka zi twapata za, ze, zi, zo, zu. Ukiongeza a, e, i, o, u, tayari una kaza, kuku, kaka, uza, kiazi, zizi. Jioni ile ile ya kwanza mtu anasoma sentensi nzima: Kaka auza kuku. Tumeona watu wazima wakicheka kwa furaha kwa kumsoma kuku huyo.

Jioni ya pili twachukua reli. Twapata ra, re, ri, ro, ru, na la, le, li, lo, lu. Yaliyotoka jana yakioana na ya leo, twapata kula, lori na rula, tena twapata kura. Jioni ya tatu twachukua deni, nalo hutuletea kodi, nauli na kanuni. Maneno magumu kama mshahara na mkataba huja baadaye, kwa sababu m husimama peke yake na sh ni herufi mbili kwa sauti moja.

Pili, hesabu ianze kwa fedha. Hakuna mtu mzima asiyejua kuhesabu kabisa. Mama auzaye nyanya atarudisha chenji upesi kuliko karani. Wazee wetu wa njia ya reli walihesabu mataruma kwa kuweka kokoto moja kwa kila kumi. Wasichokijua ni namna ya kuiandika hesabu iliyomo kichwani. Kwa hiyo twaweka mezani noti tatu za mia, sarafu nne za kumi na saba za shilingi moja. Kila namna ina chumba chake, na twaandika 347. Kisha twaondoa sarafu zote za kumi. Chumba cha makumi ni kitupu, lakini hakivunjwi. Twaweka sifuri kilinde mahali, na twaandika 307. Mtu akielewa kazi ya sifuri hapo, hatasoma tena 10,000 kuwa 1,000.

Baada ya hapo huja kujumlisha na kutoa, kisha karatasi ya mshahara yenyewe. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira chamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya mshahara wake na makato yake. Kifungu cha 19 chasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa mshahara wa 22,500, makato yasivuke 15,000, na 7,500 lazima zikufikie mkononi. Hili nalo ni somo la sehemu na migao, na hakuna aliyewahi kusinzia katika somo hilo.

Asilimia twaifundisha kwa mkopo wa mtaani. Umekopa 5,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Asilimia 20 maana yake ni shilingi 20 kwa kila 100. Katika 5,000 mna mia hamsini, basi faida ni 1,000 kila mwezi. Ukilipa faida tu kwa miezi 6 umetoa 6,000, na deni la 5,000 lingali pale pale. Wako waliolifanya hesabu hili kimya, wakafunga daftari, wakakaa wakilitazama.

Tatu, yafaa kuujali mwili wa mtu. Baada ya miaka 40 macho ya wengi huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Mtu akisogeza karatasi mbali, si mjinga, anahitaji miwani. Mkono uliozoea nyundo na spana huibana penseli mpaka ikavunjika, kwa hiyo twaanza na chaki ubaoni na kuandika kwa herufi kubwa. Tena twaitana Mzee, Mama na Bwana. Hatupangi nani wa kwanza na nani wa mwisho, na hatucheki isipokuwa sote pamoja.

Nne, zamu isiwe kizuizi. Somo lile lile hufundishwa mara mbili, asubuhi na jioni, ili aliyekuwa zamu ya mchana asipitwe.

Ndugu zetu, kazi yenyewe inabadilika. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa 2017. Matangazo mengi siku hizi huja kwa simu, na fedha pia hupita humo tangu M-Pesa ilipoanza 2007. Asiyejua kusoma humpa mwingine namba yake ya siri, au humwita mtoto wake amsomee habari ambazo baba hakutaka mtoto azijue. Na katika njia ya reli, ubao wa kupunguza mwendo haumngojei mtu apate wa kumsomea.

Majirani wetu wa Tanzania walitufundisha jambo moja zaidi. Mwaka 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 huko hawakujua kusoma. Mwaka 1970 uliwekwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na ilipofika 1975 hesabu ile ilikuwa imeshuka mpaka 39. Lakini hawakuishia darasani. Waliweka maktaba na magazeti ya vijijini, kwa sababu aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma husahau. Kwa hiyo tumeomba kwamba ukurasa mmoja wa jarida hili uchapwe kwa herufi kubwa na maneno mepesi, uwe wa wanafunzi wetu.

Basi, Bwana Mwenyekiti, haya ndiyo tunayouomba mkutano uyapitishe:

1. Chama kitoe madaftari, penseli na chaki. Kila mwanafunzi apate daftari la mistari na la miraba.

2. Darasa liwe mara mbili kwa juma, saa moja na nusu kila mara. Kwa majuma 26 hizo ni saa 78. Hazimfanyi mtu kuwa mwanachuoni, lakini zatosha kumfikisha kwenye kusoma karatasi yake ya mshahara na mapatano ya chama.

3. Viongozi wetu, watakapokaa na wakubwa kwenye mapatano yajayo, waombe saa moja kwa juma ya masomo ndani ya saa za kazi, kwa malipo. Mfanyakazi anayesoma maonyo vizuri ni faida ya mwajiri pia.

4. Kila mwanachama ajuaye kusoma amchukue mmoja asiyejua, akae naye robo saa wakati wa chakula. Walimu sita hatuwezi kuwafikia wote.

5. Wake kwa waume wakaribishwe sawasawa, hata wasio wanachama wanaokaa landhi.

Na kwa ninyi ambao hamkuinua mkono tulipouliza nani hajui kusoma, hatuwalaumu. Twajua mbinu zote: miwani iliyosahauliwa nyumbani, mkono unaouma, "Nisomee wewe, mimi nina haraka." Wako miongoni mwenu mafundi waliokataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo kile kilikuwa na daftari. Mlango wa darasa ni wa nyuma, na orodha ya majina haibandikwi ukutani. Njoo na mikono yako kama ilivyotoka kazini.

Kuuliza si ujinga. Mpaka utakapoweza kusoma, karatasi yoyote utakayoletewa kutia sahihi, sema hivi: "Nitaileta kesho." Kisha uilete kwetu jioni ile, tuisome pamoja, neno kwa neno, na hesabu kwa hesabu.